Nyanza Ipewe Siku Yake Nzima

Katika ratiba nyingi za ziara zinazotoka Kigali kwenda kusini mwa Rwanda, Nyanza hutengewa dakika 60. Wageni hushushwa mbele ya nyumba kubwa ya nyasi, huonyeshwa ng'ombe wa pembe ndefu, hupiga picha, halafu huhimizwa kurudi garini ili wawahi makumbusho ya Huye. Wengine hupitilizwa hadi Murambi, jua likianza kuinama. Usiku simu zimejaa picha, lakini mgeni akiulizwa ni mfalme gani aliyeishi pale, na kwa nini kilima cha jirani kina jumba ambalo aliyelijenga hakuwahi kulilalia, hana jibu.

Huko ni kuikosea heshima Nyanza. Mji huu ulifanywa makao ya wafalme wa Rwanda mwaka 1899, miaka minane kabla ya Richard Kandt, mwakilishi wa Wajerumani, kuanzisha kituo cha utawala huko Kigali mwaka 1907. Unastahili siku nzima, kuanzia basi la asubuhi hadi la jioni, na siku hiyo ikipangwa vizuri haimchoshi mtu wala haimfilisi. Maneno haya yanawahusu hasa Waafrika Mashariki wanaoingia Kigali kila wiki kwa mikutano, biashara, harusi na masomo, kisha wakaondoka bila hata kuvuka daraja la mto Nyabarongo.

Kwanza iangaliwe hesabu ya barabara. Kutoka Kigali hadi Nyanza ni kilomita zipatazo 90. Kuendelea hadi Huye ni kilomita nyingine 40 hivi, na Murambi iko mbele zaidi, upande wa Nyamagabe. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 300 za barabara inayopanda na kushuka vilima. Anayetaka yote hayo kwa siku moja atakaa kitini saa sita au zaidi, na kila mahali atafika akitazama saa.

Tena Murambi si mahali pa kubandikwa mwishoni mwa ziara ya makasri. Ni shule iliyokuwa ikijengwa, ambako maelfu ya watu waliokimbilia usalama waliuawa Aprili 1994, na leo ni kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Mtu hapaswi kutolewa kwenye ng'ombe wanaoimbiwa saa nne asubuhi, akaingizwa kwenye vyumba vile saa tisa alasiri akiwa bado anatafuna mahindi ya njiani. Murambi ina siku yake. Makumbusho ya Huye nayo, kwa utajiri wa vyombo na picha zake, yana siku yake. Basi na Nyanza iachiwe ya kwake.

Wapo watakaouliza kama kuna cha kutazamwa Nyanza kutwa nzima. Swali hilo linajibiwa na historia ya mji wenyewe.

Kabla ya 1899 Mwami, yaani mfalme wa Rwanda, hakufungwa na mji mmoja. Alikuwa na makao katika vilima kadhaa, na alipohama, baraza, walinzi, wapishi na mifugo vilihama naye. Aliyetulia Nyanza ni Yuhi V Musinga, kijana aliyeketi kwenye kiti kilichokuwa bado kina joto la damu. Mwaka 1896, huko Rucunshu, mama yake Kanjogera na ndugu za mama huyo walimwangusha Mwami Mibambwe IV Rutarindwa na kumweka Musinga. Kwa miaka mingi iliyofuata, wageni waliokwenda Nyanza kuzungumza na mfalme walijua kwamba neno la mwisho liko kwa mama mfalme.

Na wageni walikuja. Februari 1900 walifika Mapadri Weupe, wakiongozwa na Askofu Hirth, kuomba ruhusa ya kuweka misheni. Walifika maofisa wa Kijerumani, na walifika wafanyabiashara wa kutoka mashariki. Lugha iliyowaunganisha wote hao na baraza la Mwami ilikuwa Kiswahili. Wajerumani walikitumia kuendeshea utawala wao kutoka pwani hadi maziwa makuu, nacho kikafundishwa Nyanza kwa wana wa watawala. Musinga mwenyewe alikijifunza, akakisoma na kukiandika, wala hakubaki mikononi mwa wakalimani.

Jambo hili linapaswa kumgusa kila msomaji wa gazeti la Kiswahili. Mtu wa Tanga, Mombasa au Kigoma anaposimama kwenye ua wa Nyanza, amesimama mahali ambapo lugha yake ilitumika kwa mambo mazito ya nchi zaidi ya karne moja iliyopita. Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, kilikuwa kinarudi katika nyumba iliyowahi kukikaribisha.

Sasa safari yenyewe.

Siku ichaguliwe kwa uangalifu. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi za pamoja za usafi na ujenzi, na hadi saa tano asubuhi magari mengi husimama na maduka hufungwa. Anayetaka kufika Nyanza mapema aiepuke. Kuanzia tarehe 7 Aprili nchi huingia katika wiki ya maombolezo, na mgeni anayesafiri siku hizo ajue yuko katika nchi yenye msiba. Mvua kubwa ni za Machi hadi Mei. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi, vilima huonekana hadi mbali, na njia za ndani ya ua ni kavu. Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni sikukuu ya Umuganura, ya kushukuru kwa mavuno, desturi iliyokuwa na uzito mkubwa katika ufalme. Anayeweza kuipanga safari yake karibu na tarehe hiyo atazikuta ngoma na mazungumzo ya utamaduni yakiwa midomoni mwa watu.

Jambo jingine dogo limewachelewesha wengi. Saa ya Rwanda iko nyuma ya ile ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Ikiwa saa moja asubuhi Kigali, Dar es Salaam ni saa mbili. Aliyetoka mashariki bila kurekebisha saa yake atafika kituoni mapema akalaumu basi, na aliyeirekebisha vibaya ataliona basi likiondoka. Mkenya na Mganda huvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aandae pasipoti.

Mabasi ya kusini huondokea Nyabugogo, kituo kikuu cha Kigali. Mtu akishazoea mabasi yanayosubiri kujaa, Nyabugogo itamshangaza: tiketi ina saa, na saa ikifika gari huondoka hata kama viti viwili viko wazi. Basi la saa moja asubuhi ndilo zuri. Linamfikisha mgeni Nyanza yapata saa tatu, jua likiwa bado la upole, kabla magari ya watalii kuanza kumiminika.

Na asilale njiani. Mara tu baada ya kutoka mjini basi hushuka bondeni, likavuka Nyabarongo yenye maji ya rangi ya udongo, kisha likaanza kupanda Kamonyi. Kuanzia hapo barabara haijui tambarare. Vilima vimekatwa matuta kama ngazi, migomba imeshikilia miteremko, na mabondeni kuna mashamba na matanuru ya matofali. Karibu na Muhanga iko Kabgayi, misheni iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo kanisa lake kuu la matofali mekundu ni la kale kuliko mengi nchini. Baada ya Ruhango, mgeni aanze kukusanya vitu vyake.

Kutoka stendi ya Nyanza hadi Rukari, kilima cha makasri, ni mwendo mfupi. Pikipiki za abiria zipo, na dereva humpa abiria kofia ngumu kabla hajaketi. Mwenye miguu imara atembee. Mji wenyewe ni mtulivu, una hewa ya ubaridi, na asubuhi sweta si anasa. Kwa muda mrefu baada ya ufalme kuondolewa, mji huu uliitwa Nyabisindu, kana kwamba jina la Nyanza lilibeba kumbukumbu nzito mno. Jina la kale limerudi, na leo ndipo makao makuu ya Jimbo la Kusini.

Rukari ina vitu viwili vilivyowekwa pamoja kwa makusudi, na mgeni asivichanganye.

Cha kwanza ni kasri la jadi, nyumba kubwa ya msonge iliyoezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, ndani ya ua wa uzio. Anayeingia huinama, halafu husimama kidogo, kwa sababu macho yaliyotoka juani hayaoni kitu. Kwanza inakuja harufu ya nyasi kavu. Kisha, polepole, nguzo zinajitokeza, halafu viambaza vya matete vilivyosukwa kwa mapambo meusi, halafu kitanda kipana cha Mwami kilichoinuliwa. Juu, dari inazunguka kama kikapu kilichofunikwa, pete ndani ya pete, hadi pale mikono ya mafundi ilipokutana kileleni. Hakuna msumari. Mtoto aliyezoea nyumba za bati akiinua shingo mle ndani, hunyamaza mwenyewe.

Nyuma ya nyumba ya Mwami kuna nyumba ndogo mbili, nazo zinaeleza dola kuliko kitanda. Moja ni ya maziwa, nyingine ni ya pombe. Ya maziwa ilitunzwa na msichana asiyeolewa, ya pombe na kijana wa kiume. Ndani kuna ibyansi, vyombo vya mti vya maziwa, vimechongwa kwa gogo moja na kusuguliwa hadi vikang'aa, vikifunikwa kwa vifuniko vilivyosukwa na kuchongoka juu. Katika ufalme huu, maziwa yalikuwa chakula, heshima na siasa. Kulikuwa na mfumo ulioitwa ubuhake: mkubwa alimpa mdogo ng'ombe, naye mdogo akafungwa kwa utumishi. Aliyetaka kujua nani yuko chini ya nani aliangalia ng'ombe wametoka kwa nani.

Wapo wanaoidharau nyumba hii wakisema si ile yenyewe, imejengwa upya. Ni kweli imejengwa upya, wala hakuna anayeficha. Lakini nyumba ya nyasi hudumu kwa kujengwa upya. Nyasi huoza, mchwa hula, moto huwaka, na mafundi hurudi na kuezeka kama walivyofundishwa na waliowatangulia. Makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Kampala, yaliteketea kwa moto Machi 2010, na kazi ya kuyarudisha ilichukua zaidi ya miaka kumi. Kilichohifadhiwa katika majengo ya namna hii ni ujuzi wa mikono. Ukipotea huo, hata nyumba ya awali isingekuwa na wa kuitengeneza. Ujenzi wa Rukari unastahili kusifiwa, na anayedai mawe ya kale ndiyo historia pekee amekopa kipimo cha watu wengine.

Kisha kuna inyambo. Hawa ni ng'ombe wa kifalme, wekundu wa hudhurungi wengi wao, wenye pembe ndefu nyeupe zinazopanda na kujikunja kiasi cha mtu kushangaa shingo inavyozibeba. Katika sherehe za zamani walipambwa shanga kwenye paji la uso na kupitishwa mbele ya Mwami. Kila ng'ombe alikuwa na jina na sifa zake, na utenzi wa kuwasifu, amazina y'inka, ni tawi zima la fasihi ya Kinyarwanda.

Mgeni akifika mapema, huu ndio wakati wa kutulia. Mchungaji husimama ubavuni mwa ng'ombe akiwa na fimbo ndefu asiyoitumia. Huanza kuimba kwa sauti ya chini, karibu na sikio la mnyama. Ng'ombe huacha kutafuna. Kichwa chenye mzigo ule wa pembe kinageuka taratibu kuelekea sauti, na mchungaji anaendelea bila kupandisha sauti, akimsugua shingoni kwa kiganja. Mwenye dakika 60 atapiga picha ya pembe. Mwenye siku nzima atausikiliza wimbo hadi mwisho, aulize maana ya maneno, na aambiwe kwamba huyu anasifiwa kwa mwendo wake na yule kwa rangi yake.

Hatua chache tu kutoka hapo dunia nyingine inaanza. Ni nyumba ya kisasa ya enzi zake, ya chini, yenye baraza la nguzo, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya Mutara III Rudahigwa. Namna alivyoupata ufalme inapaswa kukumbukwa kabla ya kuvuka kizingiti. Wabelgiji, waliowaondoa Wajerumani mwaka 1916, walichoshwa na Musinga, ambaye alikataa kubatizwa na hakuwa mwepesi wa kuinamisha kichwa. Novemba 1931 walimwondoa Nyanza, wakampeleka Kamembe, na baadaye Moba nchini Kongo, alikofia mwaka 1944. Siku chache baada ya kumwondoa walimtawaza mwanawe.

Rudahigwa, anayekumbukwa kwa kimo cha zaidi ya mita mbili, aliingia katika nyumba yenye ofisi, ukumbi wa wageni na samani za Kizungu. Alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 aliiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme katika ibada iliyofanyika papo hapo Nyanza. Wabelgiji walidhani wamempata mtu wao. Lakini mwaka 1954 aliufuta ubuhake, ule mfumo wa ng'ombe na utumishi, na miaka iliyofuata akazidi kudai madaraka ya nchi yake. Katika vyumba hivi picha za ukutani zinamwonyesha amevaa mavazi ya jadi na, kwingine, suti. Mgeni aliyetoka kwenye msonge nusu saa iliyopita anaona kwa macho yake umbali ambao mtu mmoja alilazimika kuutembea, naye akiwa bado Mwami.

Adhuhuri ikifika, mji una mahali pa kula bila makuu: ndizi, maharage, isombe ambayo mtu wa Tanga au Lindi ataitambua kuwa ni kisamvu, na mishikaki. Baada ya chakula kitafutwe kiduka chenye maandishi "Amata", yaani maziwa. Pale huuzwa ikivuguto, maziwa ya mgando, mazito na baridi, kwa bilauri kubwa. Asiyeinywa Nyanza atainywa wapi? Wanyarwanda humtakia mtu heri kwa kumwambia "girinka", uwe na ng'ombe, na serikali ililichukua neno hilo hilo mwaka 2006 kuwa jina la mpango wa kuzipa familia maskini ng'ombe mmoja mmoja. Bilauri ile ya maziwa imeunganishwa na vyombo vya mti vya asubuhi.

Alasiri ni ya vilima viwili vilivyobaki, na hapa ndipo ratiba ya haraka humnyima mgeni sehemu nzito kuliko zote.

Rwesero ni jumba ambalo Rudahigwa alianza kujengewa mwaka 1957, kubwa na la kisasa kuliko lile la Rukari. Mwaka 1959 lilikuwa linakamilika. Julai ya mwaka huo Mwami alisafiri kwenda Usumbura, Bujumbura ya leo, na tarehe 25 akafariki ghafla huko baada ya kuhudumiwa na daktari wa Kibelgiji. Alikuwa na umri wa miaka 48. Chanzo cha kifo hicho kinabishaniwa mpaka leo. Jumba lilibaki bila mwenyewe. Baadaye lilitumika kwa mengine, na kwa miaka kadhaa lilikuwa makumbusho ya sanaa hadi makumbusho hayo yalipohamishiwa Kanombe, Kigali. Hata kulitazama kwa nje kunatosha kwa anayejua habari zake.

Kisha Mwima. Hapa ndipo Rudahigwa alipozikwa, na hapa, siku ya mazishi, 28 Julai 1959, wakati Wabelgiji wakiwa hawajatoa kauli, ndugu yake Ndahindurwa, kijana wa miaka 23, alitangazwa mfalme kwa jina la Kigeli V. Kilikuwa kitendo cha ujasiri, lakini miezi michache baadaye machafuko yalianza, na Januari 1961, huko Gitarama, ikatangazwa jamhuri. Kigeli hakutawala tena. Alikaa uhamishoni Tanganyika, Kenya na Uganda, na kuanzia mwaka 1992 Marekani, alikofia Oktoba 2016. Januari 2017 mwili wake ulirudishwa na kuzikwa Mwima. Mtu wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayesimama kwenye kaburi lile anamtazama mtu aliyewahi kupita katika mitaa ya miji yake akiwa mfalme asiye na nchi.

Kaburi jingine ni la Rosalie Gicanda, mjane wa Rudahigwa. Yeye hakukimbia. Aliishi kimya Butare, Huye ya leo, kwa miongo mitatu. Tarehe 20 Aprili 1994 askari walimtoa nyumbani kwake na kumwua, bibi wa miaka zaidi ya 60 asiye na cheo wala silaha. Miaka 18 baadaye, Juni 2012, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Kapteni Ildéphonse Nizeyimana, na mauaji ya malkia huyu yalikuwa miongoni mwa makosa aliyohukumiwa. Wakazi wa Arusha waliolizoea jengo la mahakama ile watalijua zaidi wakifika Mwima kuliko walivyolijua kwa kulipita kila siku.

Makaburi haya hayahitaji saa tatu. Yanahitaji mtu ambaye hana gari linalopigiwa honi nje.

Kuna la kuwaambia wanaopanga safari hizi kibiashara. Waiuze Nyanza kwa jina lake, safari ya siku moja, asubuhi Rukari, alasiri Rwesero na Mwima, kwa basi au kwa gari dogo. Wageni wao wakiwa Waafrika Mashariki, waombewe mwongozaji wa Kiswahili tangu siku ya kuweka nafasi. Na wageni wenyewe wasione haya kukiomba Kiswahili mlangoni. Kila anayekiomba anampa kijana anayesomea utalii sababu ya kukijua vizuri, na habari za Musinga aliyekiandika Kiswahili zitasimuliwa kwa Kiswahili.

Kwa walimu na wazazi hoja ni ile ile. Mtoto wa Bukoba au Ngara yuko karibu na Nyanza kuliko alivyo na Dar es Salaam, na katika ua mmoja atayaona yale ambayo kitabu cha shule hutawanya katika sura nne: ufalme wa jadi, Wajerumani, Wabelgiji na mwanzo wa jamhuri. Neno la Kiswahili ikulu lenyewe lilitokana na makao ya watemi wa bara. Huko Rukari mtoto ataona ikulu ilikuwaje kabla haijawa jengo jeupe lenye geti.

Basi la kurudi lipangwe la saa kumi na moja jioni, na tiketi ikatwe mapema mchana, kwa sababu jioni viti vya kwenda Kigali hugombewa. Saa hiyo wanafunzi wanarudi makwao kando ya barabara, na moshi wa jioni unalala juu ya mabonde ya Ruhango. Giza huingia upesi, yapata saa kumi na mbili. Basi linaposhuka Kamonyi na kuikaribia tena Nyabarongo, maji hayaonekani, ila mbele, juu ya vilima, taa za Kigali zinawaka safu kwa safu hadi angani. Abiria anayetoka Nyanza anazitazama akijua kwamba, Musinga alipoketi mara ya kwanza katika ua wake, kwenye vilima vile hapakuwa na mji.